Trekta Bovu Halitengenezwi kwa Bunduki

Askari anapokaribia kustaafu, jambo la kwanza analoambiwa na wenzake ni kwamba asikile kiinua mgongo chake chote, bali akiweke katika shamba. Shauri hilo ni jema, na wengi wamelifuata. Tangu mwaka 2014, maofisa wa jeshi la Uganda walipopewa kazi ya kugawa mbegu na miche vijijini, si ajabu tena kumsikia mwanajeshi akizungumza habari za ekari na magunia kwa ufasaha ule ule anaozungumzia habari za silaha. Lakini liko jambo moja ambalo halizungumzwi katika mikutano ya kuwahimiza watu walime, nalo ni hili: mtu afanye nini baada ya kununua trekta jipya, kwa fedha halali, pamoja na hati ya dhamana yenye muhuri, kisha trekta lile likawa bovu, na yule aliyeliuza akawa kila siku anamwambia njoo kesho?

Hati hiyo ya dhamana wengine huiita waranti. Sisi askari neno hilo tunalijua kwa maana nyingine. Kwetu waranti ni karatasi ya kumkamatia mtu au ya kusafiria. Labda ndiyo sababu wengi wetu huipokea ile ya trekta tukidhani kwamba nayo ina nguvu za kumkamata mtu. Haina. Ni ahadi tu, na ahadi hudaiwa na yule anayeweza kuonyesha kwamba imevunjwa, siku gani na kwa jinsi gani.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu limenipata mwenyewe. Sisi ni watu kumi na mmoja, baadhi yetu tumestaafu jeshini na polisi, na baadhi bado wamo kazini. Tulichanga akiba zetu, tukaongeza mkopo unaokatwa katika mishahara ya wale walio kazini, tukanunua trekta la nguvu za farasi 75 pamoja na plau la sahani tatu kutoka kwa mwuzaji mmoja wa Kampala. Shamba letu liko karibu na Kigumba, nchi ya mahindi, zaidi ya kilomita 200 kutoka mji mkuu kwa njia kuu iendayo Gulu. Tulilipokea trekta mwezi wa Februari 2024, ili mvua za Machi zitukute tumekwisha kugeuza udongo. Tulikusudia kulima ekari 60 zetu wenyewe, kisha tuwalimie majirani kwa malipo, maana bila malipo hayo mkopo usingelipika. Dhamana ilikuwa ya miezi 12 au saa 1,000 za kazi, lolote litakalotangulia.

Trekta lilipofikisha saa 61, mikono inayonyanyua plau ilianza kulegea. Asubuhi, mafuta yakiwa bado ya baridi, plau lilipanda na kushuka kama ipasavyo. Ilipofika saa nne, dereva alipolinyanyua ili ageuke mwishoni mwa shamba, lilizama lenyewe polepole mpaka likagusa ardhi. Fundi ajuaye matrekta atakwambia maana yake bila kuvua kofia: mafuta ya haidroliki yakipata moto huwa mepesi, na kama pampu imelika, au valvu haizibi sawasawa, au mpira wa pistoni umechanika, basi mafuta hupenya na kurudi yalikotoka badala ya kuinua mzigo.

Fundi wa mwuzaji alikuja baada ya siku 9. Akabadilisha mafuta na filta, akalijaribu trekta saa moja ya asubuhi, likanyanyua vizuri, akatupa mkono akaondoka. Wala hatukumwambia angoje mpaka saa nne. Trekta lilipofikisha saa 74 yakarudi yale yale. Safari hii tuliagizwa tulipeleke Kampala, na lori la kulibeba tukalikodi kwa fedha zetu. Lilikaa karakana siku 47, likarudi na karatasi ya mstari mmoja isemayo kwamba limekaguliwa na ni zima. Mvua za kwanza hazikutungoja. Kati ya ekari 60 tulikuwa tumelima 8.

Msimu wa pili, mnamo Agosti, plau likazama tena, na sasa mwuzaji akakubali kwamba pampu ni mbovu. Ila, alisema, pampu nyingine lazima iagizwe ng'ambo. Tukangoja siku 107. Mwisho wa Novemba tukaambiwa kwamba pampu haitakuja kwa dhamana, kwani imeharibiwa na dereva wetu aliyenyanyua plau zito kupita kiasi. Plau hilo, ndugu zangu, tuliuziwa na mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo, katika risiti moja na trekta. Mwezi wa Februari 2025 miezi 12 ikatimia. Mita ya saa ilikuwa ikisoma 212, na jibu likawa fupi kuliko yote yaliyotangulia: muda umekwisha.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Jioni ya siku ile tulipopata jibu hilo, kijana wetu mmoja, koplo aliye kazini, alisimama katika kikao akasema kwamba anao wenzake wawili, kwamba wana sare, na kwamba wakifika dukani kwa yule bwana wakiwa wamevaa kikazi, pampu itapatikana kabla ya saa sita mchana. Sitaki kusema uongo. Wengi tulioketi pale tulitikisa vichwa kwa kukubali. Mtu ambaye mshahara wake unakatwa kila mwezi kwa ajili ya chuma kilicholala chini ya mwembe hana subira nyingi. Aliyetuzuia ni mzee wetu mmoja, inspekta mstaafu wa polisi, ambaye hasemi sana. Alimwuliza kijana yule swali moja tu: "Ukishafika pale na bunduki, afande, nani atakuwa mlalamikaji na nani atakuwa mshitakiwa?"

Swali hilo linastahili kufikiriwa na kila mwenye sare. Mwuzaji ambaye hakutimiza dhamana amevunja mkataba, na mkataba uliovunjwa ni shauri la madai. Hauwi jinai kwa sababu tu aliyeumia ni askari. Mwuzaji huyo akitishwa, yeye ndiye atakayekuwa na malalamiko ya haki. Atakwenda kwa wakubwa wa koplo, na habari za pampu hazitasikika tena. Kijana atapoteza kazi, sisi tutapoteza trekta, na mwuzaji ataonekana mtu mwema aliyeonewa. Hata pampu yenyewe ikitolewa kwa woga, itafungwa na fundi anayetetemeka, na ikiharibika tena baada ya wiki mbili hakuna atakayethubutu kuja shambani kuitazama.

Aidha, ninyi mlio vituoni mnajua jinsi raia wanavyowajia kila siku wakitaka mkamate fulani kwa sababu hakulipa deni. Mnawaambia, au inawapasa kuwaambia, waende mahakamani. Itakuwa ajabu askari huyo huyo akimkamata mwuzaji wa trekta lake mwenyewe. Sisemi kwamba biashara ya matrekta haina jinai kamwe. Kama mtu ameuza trekta lililokwisha kutumika akilipaka rangi na kuliita jipya, au amerudisha nyuma mita ya saa, au amechukua fedha kwa mashine ambayo hana wala hakukusudia kuileta, huo ni udanganyifu, na polisi wanalo la kufanya. Lakini pampu mbovu na ahadi za njoo kesho, hata zikikera namna gani, si wizi.

Je, sheria inasema nini? Uganda inayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, ambayo misingi yake mikuu inatokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, kama ilivyo kwa sheria za jirani zetu Kenya na Tanzania. Msingi mmoja ni kwamba mfanyabiashara anapouza kitu, kitu hicho sharti kiwe na ubora unaofaa. Na kama mnunuzi amemjulisha kazi anayokitakia, sharti kiifae kazi hiyo. Trekta lisiloweza kushikilia plau juu halifai kulima, na haihitaji mwanasheria kulitambua hilo. Hati ya dhamana ni ahadi nyingine juu ya hiyo. Mtu asidhani kwamba karatasi ya dhamana ikiisha, basi kila wajibu wa mwuzaji umekufa pamoja nayo.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili unaowaumiza wengi. Mnunuzi akikaa na kitu kwa muda wa kutosha bila kumwarifu mwuzaji kwamba anakikataa, huhesabiwa kwamba amekipokea. Tangu hapo kukirudisha na kudai fedha zake zote ni vigumu. Hubaki na haki ya kudai fidia ya hasara tu. Hapa ndipo sisi tulipokosea, na ni afadhali niyaseme makosa yetu kuliko kuyaficha. Kwa miezi yote ile tulipiga simu. Tulipiga simu mara nyingi, kwa hasira na kwa upole, tukaahidiwa mengi, na hakuna hata moja la kuonyesha leo. Barua yetu ya kwanza tuliiandika baada ya trekta kurudi kutoka Kampala, msimu ukiwa umekwisha kupita.

Kosa la pili lilikuwa la sevisi. Kijitabu kilisema kwamba baada ya saa 50 za mwanzo trekta lifanyiwe sevisi na fundi wa mwuzaji: kumwaga mafuta, kubadilisha filta, kukaza nati na bolti zilizolegea katika siku za kwanza za kazi. Sisi tulimwita fundi wa pale sokoni, kijana hodari, akaifanya vizuri tena kwa bei nafuu, lakini trekta likiwa na saa 58 na bila muhuri kijitabuni. Sevisi hiyo haikuhusiana kwa lolote na pampu kulika. Hata hivyo mwuzaji aliishika kama mtu aliyeokota fedha njiani, na katika kila barua yake ameitaja.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi, watu wa kambi na vituo, ndio tungeshindwa kidogo kuliko wote katika mapambano ya namna hii, kama tungefanya nyumbani yale tunayofanya kazini. Askari anayepokea lindo hapokei kwa maneno. Huhesabu risasi, hutazama kufuli, huandika saa, na kama kuna kioo kilichovunjika hukiandika kabla hajatia sahihi, kwa sababu akishatia sahihi kioo hicho ni chake. Lakini siku tuliyopokea trekta la mamilioni ya shilingi tulipiga picha, tukala, tukatia sahihi mahali tulipoonyeshwa kidole. Hatukusoma kwamba klachi, tairi, betri na filta hazimo katika dhamana. Hatukuuliza nani atalipa lori. Hatukulipakia plau na kulifanyisha kazi mpaka mafuta yakapata moto, jambo ambalo lingechukua saa tatu tu.

Yule inspekta mstaafu ndiye aliyekuwa ameanzisha daftari, kwa mazoea yake ya kituoni. Humo ameandika kila siku trekta lilipokwama, mita ikisoma saa ngapi, hali ya hewa, nani alikuwa anaendesha, fundi gani alikuja, alifungua nini, alisema nini, aliondoka saa ngapi. Mwanzoni tulimcheka. Leo daftari hilo ndilo silaha pekee tuliyo nayo, maana kutokana nalo tunaweza kuonyesha kwamba katika mwaka mmoja wa dhamana, trekta lilikuwa mikononi mwa mwuzaji au likingoja fundi na pampu yake kwa siku 163. Na zote hizo zimehesabiwa kama siku ambazo sisi tulikuwa tukifaidi dhamana!

Hapa nina ugomvi na wauzaji, wala sitaki kuuficha. Dhamana inayozidi kuhesabu siku wakati mashine imefungiwa katika ua wa mwuzaji mwenyewe si dhamana ya haki. Ni sawa na kumhesabia mfungwa likizo siku alizokaa kifungoni. Mwuzaji aliye mvivu hupata faida kwa uvivu wake: kadiri anavyochelewesha pampu, ndivyo wajibu wake unavyokaribia kwisha. Naona inafaa iandikwe katika kila hati ya dhamana kwamba saa inasimama tangu siku mnunuzi alipotoa habari kwa maandishi mpaka siku mashine inaporudishwa shambani ikifanya kazi. Tena mwuzaji wa trekta asiruhusiwe kujiita mwuzaji kama hana ghalani pampu, klachi na vipuri vingine vinavyojulikana kuharibika mapema. Jeshi haligawi bunduki kwa askari kisha likaagiza risasi ng'ambo adui anapotokea. Mvua nayo ina tarehe zake. Machi ikipita imepita, na pampu ifikayo Juni ni ya msimu mwingine.

Wala si jambo geni katika sehemu zetu. Wazee waliowahi kupita Kongwa, katika Tanzania, mahali ambapo baadaye palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini, wanajua habari za karanga za Waingereza. Mpango ule ulianza mwaka 1947, na miongoni mwa waliouendesha walikuwamo wanajeshi wengi waliotoka katika Vita Vikuu vya Pili. Matrekta yaliyoletwa mengi yalikuwa masalio ya jeshi, mengine yakikusanywa kutoka mbali kama Ufilipino, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, zaidi ya nusu ya mashine hizo zilikuwa zimelala, na waliokuwepo hawakuwa na vipuri wala mafundi wa kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Fedha hazikukosekana, wala amri hazikukosekana. Za pili, naamini, zilikuwa nyingi mno.

Hata katika nchi tajiri mapambano haya yapo, ingawa kwa sura nyingine. Huko Marekani wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba matrekta mapya yana kompyuta ambazo fundi wa kawaida hawezi kuzifungua, hata mkulima akalazimika kumngoja fundi wa mwuzaji wakati mavuno yanaharibika. Jimbo la Colorado lilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024, inayowataka watengenezaji wa mashine za kilimo wampe mwenye mashine vipuri, vifaa na maelezo ya kuitengeneza mwenyewe. Wakulima wale walishinda kwa kuandika, kutoa ushahidi na kuwasumbua wabunge wao. Sijasikia kwamba yeyote alikwenda na bunduki, ingawa huko bunduki hazina uhaba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa askari ambaye trekta lake limekwama leo ni kwamba aandike leo. Barua iseme namba ya injini, mita inavyosoma, kasoro ni ipi na hutokea wakati gani, na iseme waziwazi kwamba analikataa trekta au anataka litengenezwe ifikapo tarehe fulani. Ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri na kurudi. Asikubali fundi yeyote kufungua kilichofungwa na mwuzaji, hata kama fundi huyo ni shemeji yake. Asiendelee kulilimisha trekta bovu kwa kuwa anaona huruma kwa msimu. Kila saa anayoiongeza itakuja kusomwa dhidi yake. Atafute fundi mwenye cheti asiye na uhusiano na upande wowote, alitazame trekta likiwa limepata moto na plau limefungwa, na aandike alichokiona. Mwenye dai dogo, kama la mashine ya kusaga au pampu ya maji, anaweza kutumia utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, uliowekewa kiwango cha shilingi milioni 10, ambamo mtu hujisemea mwenyewe bila wakili. Trekta jipya limepita kiwango hicho, na kwa hilo mahakama za kawaida hazikwepeki.

Wale wenye vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi, nawaomba walitazame jambo hili pia. Chama kinachokopesha fedha za kununulia mashine kina sauti kubwa kuliko mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza ya mwuzaji. Kingeweza kusema kwamba hakitatoa fedha mpaka trekta limekwisha kufanya kazi saa kumi shambani likiwa na mzigo, na mpaka dhamana imesomwa na mtu anayeielewa. Mkopo wetu sisi ulitolewa kwa karatasi ya bei tu.

Kuhusu trekta letu, mambo yamefika hapa. Tulimleta fundi wetu kutoka chuo kimoja cha ufundi. Akalifanyisha kazi tangu saa moja mpaka saa tano, akaandika kwamba pampu haina nguvu mafuta yanapopata moto, na kwamba plau la sahani tatu si zito kwa trekta la kiasi kile. Tuliipeleka taarifa yake pamoja na barua ya tatu. Mwuzaji akajibu, kwa maandishi kwa mara ya kwanza, kwamba yu tayari kutoa pampu bure kwa hisani yake, mradi tulipe fundi na lori, na tutie sahihi kwamba hatumdai kitu kingine. Kikao kiligawanyika. Watano walitaka tukubali ili tuwahi mvua za Agosti. Sita, na mimi nikiwamo, tulikataa, kwa kuwa kulitengeneza trekta ni wajibu wake wala si hisani, na kwa kuwa misimu miwili iliyopotea ina bei yake. Koplo yule alipiga kura pamoja nasi, na yeye ndiye aliyepanda basi kwenda Kampala na barua ya nne, akiwa amevaa suruali ya kawaida na shati jeupe. Alingoja kaunta saa mbili na nusu. Nakala aliyorudi nayo ina muhuri na sahihi ya karani, na imebandikwa katika daftari la mzee, katika ukurasa unaofuata ule ulioandikwa saa 212.